Damu Inapogawanywa Upya: Moyo na Mishipa Wakati wa Kazi Nzito

Moyo wa mtu mzima aliyekaa kitako husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika, kiasi kinachokaribia damu yote iliyomo mwilini. Mtu huyohuyo akikimbia kwa nguvu zake zote, kiasi hicho hufika lita 20 au 25. Mwanariadha wa mbio ndefu aliyeiva hufikisha lita 35, na wachache hata 40. Mahitaji ya oksijeni, hata hivyo, hupanda kwa kasi kubwa zaidi. Mtu wa kawaida aliyetulia hutumia robo lita ya oksijeni kwa dakika. Anapokimbia mpaka mwisho wa uwezo wake hutumia lita 3, yaani mara kumi na mbili, ilhali damu inayosukumwa imeongezeka mara nne au tano tu. Pengo kati ya ongezeko hilo la damu na hilo la oksijeni ndilo kiini cha mada hii. Moyo hufanya sehemu yake, lakini hauwezi kuliziba peke yake. Kazi iliyobaki hufanywa na mishipa, inayoigawa upya damu iliyopo, na misuli, inayochota oksijeni zaidi katika kila tone linalopita.

Hesabu yenyewe iliwekwa wazi mwaka 1870 na Adolf Fick, mwanafiziolojia wa Kijerumani. Oksijeni inayotumiwa na mwili ni kiasi cha damu kinachosukumwa, kuzidisha kwa tofauti ya oksijeni kati ya damu inayotoka mapafuni na ile inayorudi. Lita moja ya damu inayotoka mapafuni hubeba takriban mililita 200 za oksijeni. Mtu akiwa ametulia, lita hiyo hurudi moyoni ikiwa bado na mililita 150. Robo tatu ya shehena haijaguswa. Katika mbio za kufa na kupona hurudi na mililita 50 au pungufu. Mwili basi una akiba mbili: moyo unaoweza kusukuma zaidi, na oksijeni ambayo siku zote hupita kwenye misuli bila kuchukuliwa. Akiba ya pili ndiyo husahaulika watu wanaposifu pumzi na moyo wa mkimbiaji.

Mwitikio huanza kabla ya hatua ya kwanza. Mwanariadha anayesubiri mlio wa bastola mapigo yake huwa yamekwisha kupanda, ingawa miguu yake haijafanya kazi yoyote. Mwaka 1913 August Krogh na Johannes Lindhard, jijini Copenhagen, walionyesha kwamba mapigo na pumzi hupanda papo hapo kazi inapoanza, haraka mno kiasi kwamba haiwezekani kuwa ni taarifa za kemikali zilizosafiri na damu kutoka kwenye misuli. Maelezo waliyoyatoa yangali yanakubalika: sehemu za juu za ubongo zinapoiamuru misuli ijikaze, amri hiyo huvifikia pia vituo vya shina la ubongo vinavyosimamia moyo, mishipa na pumzi. Moyo hauarifiwi kwamba kazi imefanyika; huarifiwa kwamba kazi inakuja.

Amri ya kwanza inayoufikia moyo ni ya kuuachia. Kundi dogo la chembe katika ukuta wa chemba ya juu ya kulia huanzisha kila pigo, na zikiachwa bila kuguswa na neva yoyote, chembe hizo hupiga takriban mara 100 kwa dakika. Kinachoyashusha mapigo hadi 70 ni neva ya vagasi, inayouzuia moyo mchana na usiku. Kazi inapoanza kizuizi hicho hulegezwa mara moja, na moyo hupanda kuelekea 100 ndani ya sekunde chache. Juu ya hapo huingia mfumo wa neva za simpathetiki, unaoyaharakisha mapigo na kuyaongezea nguvu, ukisaidiwa na adrenalini kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine hudhihirisha jambo hili waziwazi. Neva zao zilikatwa wakati wa upasuaji. Wakiwa wamepumzika mapigo yao hukaa kati ya 90 na 100, na wakianza kutembea kwa kasi hupita dakika kadhaa kabla hayajapanda, kwa kuwa yanangoja adrenalini iletwe na damu.

Taarifa hutoka pia upande wa misuli. Mwaka 1937, jijini Cairo, Alam na Smirk waliwafanyisha watu kazi kwa misuli ya mkono na ya mguu huku mkanda uliojazwa hewa umeifunga mishipa ya kiungo hicho. Kazi iliposimama shinikizo la damu halikurudi chini. Liliendelea kuwa juu kwa muda wote ambao mkanda ulibaki umefungwa, na lilishuka ulipofunguliwa. Ilikuwa dhahiri kwamba takataka za kemikali zilizonaswa ndani ya msuli zilikuwa zikizichochea neva ndogo, nazo neva zikawa zinaueleza ubongo kwamba msuli una njaa ya damu. Jaribio lenyewe halikuhitaji zaidi ya mkanda wa kupimia presha na mtu mwenye subira, nalo hurudiwa katika maabara za vyuo mpaka leo.

Moyo wenyewe una njia mbili za kuongeza kazi: kupiga mara nyingi zaidi, na kutoa damu nyingi zaidi katika kila pigo. Kwa mtu asiye mwanamichezo, kila pigo hutoa mililita 70 hivi akiwa amesimama au amekaa, na mililita 110 au 120 katika kazi kubwa. Ongezeko hilo hufikia kikomo mapema, mara nyingi kazi ikiwa haijavuka nusu ya uwezo wake. Kuanzia hapo kinachoongezeka ni idadi ya mapigo tu. Kwa mkimbiaji wa kimataifa pigo moja huweza kutoa mililita 180 hadi 200, na hapo ndipo lita 35 zinapotoka. Kasi ya juu ya mapigo yake si kubwa kuliko ya mtu mwingine wa umri wake, na mara nyingine ni ndogo kidogo.

Kasi hiyo ya juu hupungua na umri, na hakuna mazoezi yanayoizuia kupungua. Kanuni ya 220 kutoa umri, inayobandikwa ukutani katika kumbi za mazoezi kana kwamba ni sheria ya maumbile, ilitokana na mkusanyiko wa takwimu uliochapishwa mwaka 1971, na kwa mtu mmojammoja inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi huku na huku. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2001 ulipendekeza 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 40 kanuni zote mbili hutoa 180. Kwa mzee wa miaka 70 ya kwanza hutoa 150 na ya pili 159. Mgonjwa wa presha anayetumia dawa za kutuliza mapigo hapaswi kufuata kanuni yoyote kati ya hizo, kwa kuwa dawa imekwisha kuweka dari yake yenyewe.

Haya yote hayafai kitu damu isiporudi. Moyo hauwezi kutoa usichopewa, na katika hali ya kupumzika karibu theluthi mbili ya damu imetulia ndani ya vena, mishipa yenye kuta nyembamba na inayotanuka kwa urahisi. Inaporudishwa kwa wingi, chemba za moyo hutanuka zaidi kabla ya kujikaza, na nyuzi za msuli zilizovutwa hujikaza kwa nguvu zaidi. Tabia hiyo ilielezwa na Otto Frank huko Ujerumani mwaka 1895, kisha na Ernest Starling na wenzake jijini London karibu miaka ishirini baadaye. Damu hurudishwa na miguu yenyewe: kila misuli ya shavu la mguu inapojikaza huzibana vena zilizo katikati yake, na vali zilizomo ndani ya vena huizuia damu isiteremke tena. Pumzi nzito husaidia, kwa kuwa kifua kinapopanuka huvuta damu kutoka tumboni. Nazo neva za simpathetiki huzikaza vena za tumbo na kuifukuza damu iliyokuwa imejilaza humo.

Ugawaji wa damu hiyo ndio sehemu yenye mambo mengi zaidi. Katika utulivu misuli yote hupata lita 1 kati ya 5, ingawa ni karibu nusu ya uzito wa mwili. Ini, utumbo na bandama hupata lita moja na nusu, na figo zaidi ya lita 1. Katika kazi ya juu kabisa misuli huchukua zaidi ya asilimia 80 ya lita 20 au 25. Figo na viungo vya tumbo huachiwa robo ya kile vilichokuwa vikipata, au pungufu. Mtu aliyekula ugali na maharage akaenda kucheza mpira nusu saa baadaye huhisi tumboni matokeo ya mvutano huo. Ubongo hubaki na robo tatu ya lita yake ileile, isiyopungua na isiyozidi sana. Msuli wa moyo wenyewe hutoka mililita 250 hadi lita 1 kwa dakika.

Ongezeko kubwa namna hiyo hutokana na mabadiliko madogo ya upana wa mishipa. Jean Poiseuille, daktari wa Kifaransa wa karne ya 19, alipima mtiririko katika mirija myembamba ya kioo na kuona kwamba hutegemea nusu-kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Mshipa ukipanuka maradufu, mtiririko huongezeka mara 16. Ukipanuka kwa moja ya tano tu, mtiririko huzidi mara mbili. Ateri ndogo zinazoingia kwenye msuli hupanuka kwa sababu ya hali ya palepale: oksijeni imepungua, kabonidioksidi na asidi zimeongezeka, potasiamu na adenosini zimevuja kutoka kwenye chembe zinazofanya kazi. Ukuta wa mshipa nao, unaposuguliwa na damu inayopita kwa kasi, hutoa gesi ya nitriki oksidi inayoulegeza. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kwa upande mwingine, neva za simpathetiki zinatuma amri ya kukaza kwa mishipa yote bila ubaguzi. Msuli unaofanya kazi huipuuza amri hiyo kwa kiasi kikubwa. Figo na utumbo huitii.

Lakini msuli hauipuuzi kabisa, na hapa pana jambo ambalo halikufahamika vyema mpaka mwaka 1985. Mwaka huo Per Andersen na Bengt Saltin, huko Copenhagen, walipima damu inayopita kwenye msuli mkubwa wa mbele ya paja wakati msuli huo pekee ukifanya kazi, mwili mwingine wote ukiwa umetulia. Walipata takriban lita 2.5 kwa dakika kwa kila kilo ya msuli, kiwango kilichozidi kwa mbali vile vilivyokuwa vikikubaliwa vitabuni. Mtu mwenye kilo 30 za misuli angehitaji, kwa kipimo hicho, lita 75 kwa dakika ili kuitosheleza yote kwa pamoja, na hakuna moyo wa binadamu unaozifikia. Misuli yote ikifunguliwa mpaka mwisho wakati mmoja, shinikizo la damu lingeporomoka na mtu angezimia katikati ya mbio. Ni kama nyumba ya ghorofa yenye tangi moja la maji: wapangaji wa chini wakifungua mabomba yao yote kwa pamoja, wa ghorofa ya juu hubaki na matone, na katika mwili aliye juu ni ubongo.

Hali hiyo haitokei, kwa sababu shinikizo hulindwa kuliko kitu kingine chochote. Katika ateri kubwa za shingo na katika upinde wa aota kuna vipokezi vinavyohisi ukuta wa mshipa unavyovutwa kila pigo. Wakati wa kazi vipokezi hivyo havizimwi. Hupangiwa kiwango kipya cha juu zaidi, na hulinda kiwango hicho kwa ukali uleule. Misuli ikijaribu kuchukua zaidi ya kile ambacho moyo unaweza kutoa, neva huikaza mishipa ya misuli hiyohiyo, hata kama ina njaa ya oksijeni. Mpiga makasia au mtelezi wa thelujini, anayetumia mikono na miguu kwa pamoja, hupata damu pungufu kwa kila kilo ya msuli kuliko mwendesha baiskeli. Uchovu wake kwa sehemu ni uamuzi wa mishipa: afadhali mguu upungukiwe kuliko kichwa.

Shinikizo lenyewe hubadilika kulingana na aina ya kazi. Katika kutembea, kukimbia au kuendesha baiskeli, namba ya juu hupanda kutoka 120 hadi 180 au 200, na ya chini hubaki palepale au hushuka kidogo, kwa kuwa mishipa iliyofunguka kwenye misuli huipunguzia damu upinzani. Kuinua mzigo ni jambo tofauti kabisa. Msuli uliokazwa bila kulegezwa huiminya mishipa iliyomo ndani yake na kujifungia damu, na mtu aliyeshikilia pumzi ili aimarishe mgongo huongeza mgandamizo ndani ya kifua chake. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliingiza vipimo ndani ya ateri za wanyanyua vyuma wakati wakisukuma uzani kwa miguu yote miwili. Wastani wa kilele cha shinikizo ulikuwa 320 kwa 250, na mmoja wao alivuka 480 kwa 350. Hizo si namba za ugonjwa. Zilidumu sekunde chache na zikashuka. Lakini mchukuzi wa gunia sokoni Kariakoo anayeshusha mzigo wa mkokoteni na kubana pumzi hupitia kitu cha jamii hiyohiyo mara nyingi kwa siku, na akiwa na presha isiyotibiwa, kila kilele kinaanzia juu zaidi. Kutoa pumzi wakati wa kuinua hupunguza kilele hicho.

Joto huongeza mdai wa tatu. Ngozi inahitaji damu ili kulitoa joto nje, na katika joto kali huweza kupokea lita 7 au zaidi kwa dakika, damu ambayo hukaa katika vena pana za ngozi na kuchelewa kurudi moyoni. Jasho, lita moja au mbili kwa saa, hupunguza damu yenyewe. Kwa hiyo mkimbiaji anayeshikilia mwendo uleule kwa saa nzima huona mapigo yake yakipanda taratibu kwa 10, 15 au 20 bila kuongeza kasi: kila pigo linatoa damu inayozidi kupungua, na moyo unafidia kwa idadi. Hali hiyo ndiyo huwafanya wakimbiaji wa maratoni za ubingwa, zinazofanyika mara nyingi katika majira ya joto, waanze kwa mwendo wa tahadhari. Mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, asubuhi ya joto na unyevu, Alphonce Simbu wa Tanzania alitwaa ubingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule uliorekodiwa kwa Amanal Petros wa Ujerumani, wakitenganishwa na picha ya mstari wa mwisho. Kelvin Kiptum wa Kenya alikuwa amekimbia umbali huohuo kwa saa 2:00:35 katika jiji la Chicago mwezi Oktoba 2023. Dakika tisa kati ya mbio hizo mbili haziwezi kuelezwa kwa uwezo wa miili tu. Mbinu za ushindani, kasi ya kundi na hali ya hewa zina sehemu yake, na katika hali ya hewa deni la ngozi ndilo kubwa.

Mwinuko hupunguza oksijeni mwanzoni mwa njia. Katika kilele cha Uhuru mlimani Kilimanjaro, mita 5895, mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa Dar es Salaam, na kila lita ya damu hutoka mapafuni ikiwa na mzigo pungufu. Mapigo hupanda hata kwa aliyelala ndani ya hema, na kazi ndogo hugharimu kama kubwa. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaowahimiza wageni waende pole pole wanawapa ushauri ulio sahihi kifiziolojia: mwendo wa chini huacha nafasi kati ya mahitaji na uwezo uliopungua. Hatari zaidi iko kwenye mapafu. Mishipa ya mapafu, tofauti na ya mwili mwingine, hujikaza inapokosa oksijeni, jambo lililoonyeshwa na von Euler na Liljestrand kwa paka mwaka 1946. Shinikizo la mapafu likipanda sana, maji huvujia kwenye vifuko vya hewa. Mtu hukohoa, hukosa pumzi akiwa amekaa, na tiba yake ya kwanza ni kuteremshwa bila kungoja kupambazuke. Kwa wanaoishi juu kwa majuma, kama kwenye kambi za wakimbiaji za Iten nchini Kenya, karibu na mita 2400, figo hutoa homoni inayoongeza chembe nyekundu. Mwinuko peke yake hauzai mabingwa. Ungekuwa unazaa, La Paz ya Bolivia, iliyo juu zaidi, ingekuwa inagawa medali za maratoni.

Mazoezi ya muda mrefu hubadilisha akiba zote mbili za Fick. Ndani ya siku chache ujazo wa maji ya damu huongezeka. Katika miezi, chemba ya chini ya kushoto hupanuka na kuta zake kuimarika. Katika msuli kapilari huongezeka. Mapigo ya utulivu hushuka, kwa baadhi ya wanariadha hadi chini ya 40. Salomon Henschen wa Sweden alikwisha kugundua mwaka 1899, kwa kugonga vifua kwa vidole tu, kwamba mioyo ya watelezi wa thelujini ilikuwa mikubwa kuliko kawaida, na kwamba wenye mioyo hiyo ndio waliokuwa washindi.

Upande wa pili wa jambo hilo ulipimwa Dallas, Marekani, mwaka 1966, na matokeo yakachapishwa miaka miwili baadaye. Vijana watano walilazwa kitandani siku 20 bila kusimama. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo, hasa kwa sababu kila pigo la moyo lilitoa damu pungufu. Walipopimwa tena miaka thelathini baadaye, ilionekana kwamba siku zile 20 zilikuwa zimewapunguzia uwezo zaidi kuliko miaka thelathini ya umri. Wodi nyingi zingali zinamlaza mgonjwa muda mrefu kuliko ugonjwa wake unavyodai.

Kazi ya kila siku nayo huhesabika. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London na makondakta wao. Makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi zamu nzima, walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva waliokaa. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, waliovalishwa vifaa vya kupima mapigo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walionekana kutumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika kazi ya wastani au nzito, na dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo miongoni mwao zilikuwa chache hata kwa wazee.

Kwa moyo wenye kasoro, mwitikio uleule hugeuka mzigo. Kasoro inayowahusu sana watu wa Afrika Mashariki ni kubanana kwa vali ya mitrali, iliyo kati ya chemba mbili za kushoto, matokeo ya homa ya rumatiki inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni. Vali nzima ina uwazi wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Iliyoharibika huweza kubaki na 1. Mapigo yakiwa 70, chemba ya chini ina zaidi ya nusu sekunde ya kujaa baada ya kila pigo, na damu hupenya hata kwenye tundu dogo. Yakifika 150 muda huo hukatika kwa nusu na zaidi, huku damu inayotakiwa kupita imeongezeka. Hurundikana nyuma, kwenye mapafu. Mama kijana anayefua, kuteka maji na kulala vizuri hujikuta hawezi kumaliza ngazi moja, na mara nyingi ugonjwa hujulikana kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, wakati mwili unapodai damu zaidi miezi mfululizo.

Kufupika kwa muda huo wa kujaa huugusa pia moyo wenye mishipa iliyoziba. Ateri za moyo hulisha chemba ya kushoto hasa katika kipindi cha mapumziko kati ya mapigo, na msuli wa moyo huchukua robo tatu ya oksijeni ya damu yake hata mtu akiwa amelala. Akiba ya pili ya Fick haupewi. Unachoweza ni kuongezewa mtiririko tu, na ateri iliyozibwa na mafuta haiwezi kuuongeza. Kipimo cha mashine ya kukimbilia hutafuta hali hiyo kwa makusudi. Katika utaratibu uliotangazwa na Robert Bruce wa Seattle mwaka 1963, mgonjwa huanza kwa kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila baada ya dakika tatu kasi na mwinuko huongezwa. Nyaya zimebandikwa kifuani, mkanda wa presha umefungwa mkononi, na muuguzi huuliza kila hatua: “Baba, kifua kinabana?” Mstari wa umeme wa moyo ukizama chini ya kawaida yake, au shinikizo la juu likishuka badala ya kupanda, kipimo husimamishwa. Dalili ya pili ni mbaya zaidi: inaonyesha kwamba moyo umeshindwa kulinda kile ambacho mfumo mzima hulinda kwanza.

Kwa vijana, vifo vya ghafla michezoni huwa na chanzo kingine, mara nyingi msuli wa moyo ulionenepa kwa kurithi au hitilafu ya umeme wake. Mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, na uchunguzi ulionyesha msuli ulionenepa. Mwanasoka mwingine, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake haukupiga kwa dakika 78, na akapona kwa sababu kifua chake hakikuachwa kukandamizwa na kushtuliwa kwa umeme kwa muda huo wote.

Kazi inapokoma, vidhibiti vilevile hurudi kwa mpangilio wa kinyume, na si kwa kasi moja. Aliyesimama ghafla kwenye mstari wa mwisho amezima pampu ya misuli ya miguu ilhali mishipa yake ingali imefunguka. Damu hubaki chini, naye huweza kuzimia akiwa ameshinda. Ndiyo maana makocha humsukuma aendelee kutembea. Neva ya vagasi hurudi kazini ndani ya sekunde chache: mwenye afya mapigo yake hushuka sana katika dakika ya kwanza. Utafiti wa Cleveland uliochapishwa mwaka 1999 uliona kwamba wale ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika hiyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka sita iliyofuata. Shinikizo hurudi taratibu zaidi, kisha hushuka chini ya kiwango cha kabla ya kazi na kukaa huko kwa saa kadhaa, kwa kuwa mishipa ya misuli haijajifunga kikamilifu. Mgonjwa wa presha aliyefika kliniki kwa mwendo wa haraka huambiwa akae dakika tano kabla ya kupimwa, asije akasomwa juu kuliko alivyo. Aliyekimbia alfajiri akapimwa saa nne asubuhi huweza kusomwa chini ya kawaida yake ya kila siku.